Sikio la Kiwandani

4 Machi
Mwaka mmoja na miezi saba tangu nitoke nyumbani

Mama Watoto,

Salamu kwako, kwa mama, na kwa wasichana wetu wawili. Mimi ni mzima. Nimechoka tu, na kuchoka si ugonjwa. Ingekuwa ugonjwa, huku tungeshazikwa wote.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Simu yangu imekuwa mbovu, sauti inakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa, nikaona heri niandike. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la sita, na mwalimu wa hati alishanikatia tamaa tangu la pili, kwa hiyo soma polepole.

Sijawahi kukueleza vizuri ninachofanya hapa. Nikisema "kiwanda cha vyombo" najua unaniona nimebeba masufuria. Hiki ni kiwanda cha kauri: sahani, vikombe, mabakuli. Vinatoka kwenye tanuri vikiwa vyeupe kama meno ya mtoto, vinapoa, kisha vinakuja kwenye benchi letu, benchi la wagongaji. Unainua sahani kwa ncha za vidole, unaigonga kwa konzi. Nzima inalia ndefu. Yenye ufa, hata ufa usioonekana kwa jicho, inakohoa. Nzima unaiweka kushoto. Mbovu unainuka nayo mwenyewe mpaka kwenye pipa la vigae lililo kule mwisho wa ukumbi, unaitupa, unarudi, unakaa, unagonga nyingine. Hivyo tangu asubuhi saa moja mpaka jua lizame. Mtu yeyote akikuambia kazi ya kukaa haichoshi miguu, mlete kwetu.

Humu ndani hakuna anayenijua kwa jina. Wananiita Sikio, kwa sababu wanasema nashika nyufa kuliko wote. Sasa sikiliza: wiki iliyopita mnyapara alinifuata mbele ya benchi zima akasema, "Sikio, uongozi umekuchagua wewe. Utafundisha." Nimepewa mwanafunzi mmoja. Hachelewi, haombi ruhusa ya kwenda chooni, wala habishi. Benchi lote wamenicheka. Yule mama mtu mzima tunayemwita Shangazi amesema, "Heri wewe, wanangu mimi hawakunisikiliza hata mmoja."

Usiitangaze bado. Mambo yakikaa sawa nitakueleza.

Wako,
Baba Watoto


29 Machi

Baba Watoto,

Barua imefika. Nimeisoma mara tatu nikitafuta jina la mwanamke, sikulipata, labda umelificha kwenye ule mwandiko.

Ulisema nisitangaze. Mimi sikutangaza. Nilimsomea mama yako, basi, na wewe unamjua mama yako. Kabla sijakunja karatasi alikuwa ameshajifunga mtandio. Kufika jioni muuza mkaa ananisalimia, "Shikamoo mke wa mwalimu," mtu aliyenizidi umri kwa mbali! Mama anamwambia kila anayepita, "Mwanangu alitoka hapa na darasa la sita, leo anafundisha watu kiwandani." Watu wanakuja kukaa tu sebuleni wasikie. Mtoto wa jirani ameletwa aangalie picha yako ukutani, ati apate moyo wa kusoma. Nikamwangalia mtoto, nikaangalia picha, umevaa lile koti la kuazima, nikanyamaza.

Nimefurahi pia, usifikiri sikufurahi. Lakini nina swali, na mimi nikiwa na swali silali nalo.

Kwa nini hupigi simu? Simu mbovu miezi yote hii? Hapa mtaani fundi simu anaifungua na kuifunga wakati unakunywa chai. Na ile mara ya mwisho tulipoongea, umesahau? Nilikuambia mdogo ameanguka ngazini, amevunjika mkono, tuko hospitali. Ukanijibu, "Vizuri sana, mwambie aendelee hivyo hivyo." Nikakata. Nikakaa kwenye benchi la hospitali na mtoto analia, nikasema moyoni, huyu mtu hayuko na mimi. Anaongea na mimi huku anaangalia mtu mwingine.

Mkono wa mtoto umepona, kama ulitaka kujua. Hukuuliza.

Kama kuna mwanamke, sema. Mimi ni fundi cherehani. Nguo ikichanika huwa naitazama kwanza nijue kama inashoneka au ni ya kufutia meza. Lakini lazima niione. Usiikunje ukaificha.

Mama Watoto


20 Aprili

Mama Watoto,

Sikuuliza kuhusu mkono wa mtoto kwa sababu sikujua. Nimejua kwenye barua yako. Nilisoma nikatoka nje nikakaa kwenye mabomba nyuma ya bweni, mwenzangu wa chumbani akaja kuniuliza nani amekufa.

Hakuna mwanamke. Kuna jambo baya kuliko mwanamke, au dogo kuliko mwanamke, utaamua mwenyewe. Mimi sisikii.

Sikio la kulia limekufa kabisa. La kushoto linashika sauti zilizo karibu, na zikiwa mbili kwa pamoja zinachanganyika zinakuwa uji. Simuni sisikii kitu. Ile siku ulipopiga nilisikia mvumo tu, nikajua ni wewe, nikawa nasema "vizuri, vizuri" kila uliponyamaza, kama mtu anayeitikia hotuba. Nimefanya hivyo kwa muda mrefu. Niliona haya. Mtu anaitwa Sikio kiwanda kizima, halafu amwambie nani kwamba ni kiziwi?

Utaniuliza nagongaje sahani. Nagonga kwa mkono. Sahani nzima inatetemeka mpaka ukingoni, mbovu mtetemo unakatika njiani, vidole vinajua. Sijui ni lini vidole vilianza kusaidia masikio, na ni lini masikio yaliacha kazi yote kwa vidole. Yalikufa kwa sababu ya mafeni ya tanuri na kile kinu cha kusagia vigae, vyote viko ukuta wa pili na ukuta wenyewe ni bati. Wote kwenye benchi tunapaza sauti tukiongea. Mimi nilidhani ndivyo tulivyo, watu wa makelele.

Na la pili. Mwanafunzi wangu si mtu. Ni sanduku. Lina kinasa sauti na nyundo ndogo ya chuma kama ya sonara. Mimi navalishwa glavu yenye nyaya. Kila nikigonga, sanduku linasikia sahani ilivyolia, na glavu inaliambia mkono wangu umeiweka wapi, kushoto au pipani. Linajifunza hivyo hivyo, sahani kwa sahani. Aliyelileta ni mhandisi, binti mdogo tunamwita Bi Waya, hana dharau, ananisalimia kila asubuhi kwa kusimama mbele yangu. Nadhani yeye alishatambua kwamba sisikii. Likishajua, litakaa pale tulipokaa sisi. Benchi lote.

Sasa ndipo pana jambo lenyewe. Meneja ameniita ofisini. Ameniwekea karatasi mbili. Ya kwanza inanipa kazi mpya, mwangalizi wa mashine, miaka mitatu mingine, chumba changu peke yangu, na picha yangu itundikwe langoni iandikwe chini yake kwamba huyu ni mfanyakazi aliyefanikiwa. Mpiga picha ameshakuja. Alinishikisha sahani akasema nicheke. Ya pili ni fupi. Inasema masikio yangu yalikuwa hivi hivi siku nilipoajiriwa. Huwezi kupata ya kwanza bila kusaini ya pili. Muuguzi wa kiwanda alinipima akapeleka majibu juu, ndipo wakaandika.

Nimewaambia nitafikiri. Ninafikiri. Ninyi hapo mtaani mnasimulia mwalimu aliyefanikiwa, na kumbe ninachohitaji ili niwe huyo mtu ni kuandika jina langu mara mbili. Niambie.

Wako,
Baba Watoto


11 Mei

Baba Watoto,

Mama yako amekaa hapa pembeni yangu, amekataa kuondoka mpaka niandike maneno yake kwanza. Haya ni yake, neno kwa neno:

"Mwanangu, saini. Marehemu baba yako alikuwa na jicho moja na hakuna aliyewahi kumwita kipofu. Sikio moja linatosha kusikia mshahara. Nimeshawaambia watu. Ukirudi mikono mitupu nitapita wapi mimi? Mtu akipewa kiti akikalie, asiulize kimetengenezwa na mti gani. Nakupenda. Mama yako."

Hayo ya mama. Ametoka sasa kwenda kusali. Haya ni yangu.

Usisaini.

Mimi nimelala na wewe chumba kimoja miaka tisa. Mkubwa wetu alipokuwa mchanga, ulikuwa unamsikia akigeuka kabla ya mimi niliyemzaa. Nilikuwa siwezi kufungua bati la biskuti jikoni bila wewe kuuliza kutoka uani, "Na mimi je?" Hilo sikio ndilo wanalosema lilikuwa bovu siku uliyofika? Karatasi hiyo haikusemi wewe tu kuwa mwongo, inanisema na mimi. Inasema niliolewa na kiziwi nikawa sijui.

Kama wangekuja wakasema, bwana, tumekuharibu sikio, pole, hiki hapa cheo, ningekuambia chukua, hasira nyingine hazina faida. Lakini wameliharibu, halafu wanataka uwaandikie risiti kwamba uliwaletea likiwa bovu. Mteja akinifanyia hivyo kwa gauni namfukuza dukani na utepe wa kupimia shingoni mwake.

Na nimekukasirikia. Usifikiri imepita. Uliona haya kwangu? Kwangu mimi, niliyekushika kichwa ulipokuwa unatapika malaria? Ungesema tu "mke wangu, sisikii," ningeandika barua kila wiki, kwa herufi kubwa kama za tangazo. Badala yake ukaniacha kwenye benchi la hospitali nikigombana moyoni na mwanamke ambaye hayupo. Nilikuwa nimeshampa na sura, mweupe, mfupi, ana cheni ya mguu. Nilimchukia sana yule mwanamke.

Watoto hawajui. Mama anajua sasa, na amelia, ila anasema saini. Uamuzi ni wako. Mimi nimeshasema langu, na nitalisema tena ukitaka.

Mama Watoto


8 Juni

Mama Watoto,

Nimecheka peke yangu kwa ajili ya yule mwanamke wa cheni ya mguu. Mwenzangu wa chumbani anadhani nimepata kichaa.

Sijasaini. Lakini kumetokea jambo, na lazima nilieleze tangu mwanzo maana wewe hupendi hadithi iliyokatwa kichwa.

Sanduku lilimaliza masomo. Wakaliweka mwisho wa benchi lifanye kazi peke yake kwa majaribio. Sitakudanganya, linajua. Nyundo yake inagonga kwa adabu, haikosi, haipumziki. Asubuhi nililiangalia nikaona aibu na fahari kwa pamoja, kama mzazi aliyeshindwa mbio na mwanawe. Shangazi alisema, "Limekuiga mpaka kunyanyua bega." Halina bega, lakini nilielewa.

Siku ya tatu Bi Waya akaja, macho mekundu, akasimama mbele yangu kama kawaida yake.

"Sikio, mashine yako ina uvivu wa jioni."

"Mashine gani yangu? Mimi mali yangu humu ni kikombe na malapa."

"Asubuhi inashika kila ufa. Ikifika saa kumi inaanza kupitisha sahani mbovu. Saa kumi na mbili inapitisha karibu zote. Nimebadilisha nyaya. Nimebadilisha nyundo. Mwisho nikarudi kuangalia ulivyokuwa ukigonga wewe, saa kwa saa."

Kisha Shangazi akapasuka kicheko, akajipiga mapaja. "Miguu!" akasema. "Maskini ya Mungu, limejifunza miguu!"

Nikueleze. Pipa la vigae liko mbali, nilikuambia. Mbovu unaipeleka mwenyewe. Asubuhi unainuka bila kufikiri. Jioni magoti yanawaka, mnyapara yuko mgongoni anataka idadi, basi sahani ikikohoa kidogo unajifanya hukusikia, unaiweka kushoto na nzima. Si mimi tu. Benchi zima. Hatujawahi kukubaliana, wala hakuna aliyemfundisha mwenzake, kila mgeni anajikuta anafanya baada ya wiki mbili. Na sanduku likaona mkono wangu, likaamini kwamba jioni ufa si kosa. Halina miguu, Mama Watoto, lakini limebeba uchovu wa miguu yangu miezi yote hii na kuuhifadhi vizuri kuliko mimi.

Bi Waya alicheka na yeye, halafu akaacha kucheka. Akaniuliza kwa sauti ya kutosha, akiwa upande ninaosikia, "Pipa lisogezwe karibu, kwa nini hamkuwahi kusema?" Shangazi akamjibu, "Mwanangu, tulisema kabla wewe hujamaliza shule."

Meneja hakucheka. Aliniita ofisini, kule kwenye zulia, akasema nimeiharibu mashine makusudi, na kwamba naweza kufukuzwa leo. Bi Waya alikuwepo. Akasema, "Hakuiharibu. Imefuata alichofanya, na alichofanya ndicho mnachofanya hapa kila jioni."

Meneja akabadilika sura. Akatoa tena zile karatasi mbili, akaniletea na kalamu. Akasema tuanze upya: nitafundisha asubuhi tu, saa nne za mwanzo, nikishalala vizuri na kula vizuri, jioni nipumzike, ili sanduku lijifunze kwa mtu asiyechoka.

Unajua, nilikuwa sijaamua bado. Nakuambia kweli. Maneno ya mama yalikuwa yamenikaa kifuani. Lakini aliposema hivyo nilihisi damu inapanda mpaka kwenye hilo sikio bovu. Muda wote huu sijasikia mtu humu akisema mgongaji alale vizuri. Kumbe inawezekana. Kumbe wanajua. Wamejua kwa ajili ya sanduku.

Nikamwambia, "Glavu sivai. Leteni kwanza daktari wa masikio, wa nje, asiyelipwa na kiwanda. Atupime benchi zima, aandike anachokiona. Nikishaona kilichoandikwa, nitavaa."

Akasema, "Wewe ni nani wa kutupa masharti?"

Nikasema, "Mimi ni mwalimu. Mliniambia wenyewe."

Nikarudi benchini nikaiweka glavu mezani. Mnyapara akamwambia Shangazi aivae yeye. Shangazi akaitazama kama mtu anavyomtazama samaki aliyelala siku tatu, akaweka mikono yake mapajani. Anayemfuata naye hivyo hivyo. Sahani tunagonga, hatukugoma kazi, ila glavu haina mkono. Iko pale mpaka leo.

Sijui itaishaje. Usimwambie mama bado.

Baba Watoto


2 Julai

Baba Watoto,

Nimemwambia mama. Samahani. Mpakiaji wenu mmoja amekuja likizo, amepita mtaani akisema Sikio amefukuzwa, wengine wanasema umepigwa, mwingine anasema umeonekana mji mwingine unauza karanga. Wale waliokuwa wanakuja kukaa sebuleni hawaji tena. Muuza mkaa amerudi kuniita kwa jina langu, na hilo limenipumzisha.

Nikaona bora mama asikie kutoka kwangu. Nilimsomea barua yako yote, mpaka glavu. Kisha akauliza, "Huyo Shangazi ana umri gani?" Nikasema sijui, mtu mzima. Akasema, "Ana watoto wasiomsikiliza, na bado ameweka mikono mapajani." Akanyanyuka, akaenda kwa jirani. Nilimfuata hatua chache nisikie atasema nini. Alisema, "Mwanangu ameharibiwa masikio kazini na amekataa kuwaandikia uongo. Ndiyo hali yake. Na mwenye kucheka acheke hapa hapa nimwone." Hakuna aliyecheka. Hakukuambia usisaini, unamjua, hawezi kurudi nyuma kwa maneno. Lakini ndiyo hivyo.

Sasa na mimi nina langu la kusema, kwa kuwa wewe umesema lako na sitaki kubaki nadai usafi.

Makochi hayapo.

Yale uliyotuma mwaka jana, ya rangi ya damu ya mzee, yenye maua. Niliyauza. Yalijaza sebule nzima, tukawa tunapita upandeupande kama kaa, na kila anayeingia anayakalia kusikiliza habari zako. Nikanunua mashine ya kudarizi, ile ya kompyuta. Unaichagulia ua kwenye kioo, inashona yenyewe, sindano inaruka kama imekanyaga moto. Ilinitesa. Wiki ya kwanza ilishona ndege wa harusi ya watu kichwa chini miguu juu, na nikalazimika kutengua uzi mmoja mmoja. Sasa tumeelewana. Nikiiambia acha, inaacha. Nikichoka naizima, na haiwezi kumwendea mtu kunisema. Sebule ndiyo karakana. Nimeajiri mabinti wawili wa mtaani wanaonisaidia, na nikiona jioni mtu anaanza kushona kombo namwambia nenda nyumbani.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mke wa Sikio ataaibika mumewe akirudi na begi moja, jua hajaingia ndani ya nyumba yetu. Rudi na begi moja. Rudi bila begi. Pa kukaa tutatafuta, makochi hakuna.

Andika upesi. Hata mstari.

Mama Watoto


30 Julai

Mama Watoto,

Makochi nimeyalilia dakika moja, nikakumbuka kwamba sijawahi kuyakalia.

Mimi ni mzima, sikupigwa, na karanga siuzi. Nilichelewa kuandika kwa sababu sikutaka kukupa habari nusu.

Glavu ilikaa mezani mpaka ikawa na vumbi la kauri. Mnyapara akaleta vijana wawili kutoka sehemu ya kupaka rangi waivae. Mmoja aliivaa. Simlaumu, ana mkewe mjamzito na aliniambia uso kwa uso kabla ya kuivaa. Lakini hakujua kugonga, na sanduku likajifunza kutojua. Likaanza kutupa sahani nzima pipani asubuhi kweupe. Bi Waya aliandika ripoti yake kwa wenye kiwanda, juu ya Meneja, akaandika lililotokea bila kupamba. Sijui ilimgharimu nini. Wiki mbili baadaye daktari akaja, mzee mmoja mwenye haraka, na kisanduku chake cha vyuma. Alitupima sote. Kati yetu hakuna aliyetoka na masikio mawili mazima. Shangazi alipoonyeshwa majibu yake alisema, "Sasa nimeelewa kwa nini wanangu walikuwa wananipigia kelele." Halafu akakaa kimya siku nzima, na hatujazoea.

Karatasi yangu inasema hivi: usikivu umeharibiwa na makelele ya muda mrefu mahali pa kazi. Imesainiwa, ina mhuri. Nimeisoma mpaka nimeihifadhi. Benchi lote wana za kwao, na tumeshapeleka madai pamoja, karatasi zote kwenye bahasha moja. Tutalipwa au hatutalipwa, sijui. Mambo hayo yana milango mingi. Lakini hakuna tena atakayesema tulifika hivi.

Kisha nikaivaa glavu. Nilisema nitavaa, nikavaa. Asubuhi tu, saa nne za mwanzo, na jioni wote wakapumzika, kwa sababu nilimwambia Bi Waya sitalifundisha sanduku peke yangu, tutapokezana benchi zima na kila mtu afundishe akiwa amepumzika. Pipa limesogezwa hatua chache kutoka benchini. Imewachukua mtu mmoja na asubuhi moja. Tuliliangalia likisogezwa.

Sanduku sasa linajua kweli. Jioni halidanganyi. Litachukua viti vyetu, nusu ya benchi wataenda kwenye upakiaji na nusu watapewa barua za kuachishwa kazi. Sikuzuia hilo na sikuwahi kudhani nitalizuia. Picha yangu, waliyoitundika langoni bila kungoja saini, imetolewa. Wamemtundika mwanafunzi wangu, sanduku lenyewe, wamelifunga utepe. Mkataba wangu hautaendelea. Meneja aliniambia kwa kuniandikia kwenye kipande cha karatasi na kukisukuma mezani, ndiyo mara yake ya kwanza kukumbuka kwamba sisikii.

Waliniuliza hapa bwenini kama najuta kile chumba cha peke yangu. Nikawaambia ukweli: usiku mwingine ndiyo, hasa mwenzangu anapokoroma kiasi cha hata mimi kusikia. Lakini nimejiuliza sana maana ya hilo neno walilotaka kuandika chini ya picha. Kufanikiwa. Nilidhani ni mahali unapofika, watu wakakupigia makofi, ukakaa. Kama ni hapo, basi mimi nimefika mlangoni nikageuka, na kila mtu mtaani ana ruhusa ya kusema hivyo. Naondoka hapa nimejifunza kazi moja ambayo haitakuwepo tena, na nikifika nitaanza nyingine kwa mikono hii hii, hata kama ni kutengua nyuzi za ndege wako. Sitaomba radhi kwa mtu. Mwambie mama asiitishe watu. Akishindwa kujizuia, awaambie wanakuja kumwona kiziwi, sio mwalimu, na waongee kwa sauti au wanyamaze.

Wasichana wetu waambie wewe, kabla sijafika, kwa maneno yako. Wasije wakaniita kwa nyuma wakadhani baba amewakasirikia.

Na wewe, yale yote ambayo hukumaliza kunigombeza, usiyaache yapoe. Kaa upande wangu wa kushoto uyaseme moja baada ya jingine, nataka nisikie lote.

Mwezi wa nane namalizia siku zangu za mkataba, kisha nasubiri malipo ya mwisho. Natoka hapa tarehe kumi na mbili Septemba, na tarehe kumi na nne, jioni, nitakuwa nyumbani.

Wako,
Baba Watoto